Padi kwanza, mashine baadaye: DualSense, Xbox na Joy-Con 2 zikilinganishwa

Mabishano ya wacheza gemu kuhusu konsoli mpya huanzia kwenye chipu na kuishia kwenye 4K: nani ana nguvu zaidi, nani anafikisha fremu 120 kwa sekunde, mashine ipi imemwacha mwenzake mbali. Msikilize sasa mtu aliyekaa na konsoli yake miaka mitatu au minne. Sifa zake na malalamiko yake mengi yanahusu padi. Kijiti cha kushoto kimeanza kwenda chenyewe. Betri inakata katikati ya mechi. Au, kwa furaha, anasimulia jinsi triga, kile kitufe cha kuvuta kwa kidole cha shahada, ilivyokaza kidoleni pale alipovuta upinde kwa mara ya kwanza. Mashine imekaa chini ya televisheni, haiguswi; padi ndiyo iliyo mikononi muda wote.

Ndiyo maana ulinganisho huu unaanza na padi, mashine zikifuata nyuma. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: ukiweka PlayStation 5 na Xbox Series X kwenye televisheni moja, gemu ileile, wengi watahangaika kuona tofauti ya picha. Ukiwapa padi zake wafumbe macho, watazitambua kwa sekunde moja. Tofauti ya namna hiyo ndiyo ya kuichagulia konsoli.

Zilivyo, kwa jicho la haraka

| | DualSense (PS5) | Padi ya Xbox Series | Joy-Con 2 (Switch 2) | Pro Controller ya Switch 2 |
|---|---|---|---|---|
| Vijiti | Vyote viwili chini, sambamba | Cha kushoto juu, cha kulia chini | Cha kushoto juu, cha kulia chini | Cha kushoto juu, cha kulia chini |
| Sensa za vijiti | Potenshiomita | Potenshiomita | Potenshiomita | Potenshiomita |
| Triga | Hukaza na kulegea kulingana na gemu | Laini, zina mota za mtetemo | Za kubonyeza tu | Za kubonyeza tu |
| Betri | Ya ndani | Mbili za AA | Ya ndani | Ya ndani |
| Sensa ya mwinamo | Ipo | Haipo | Ipo | Ipo |
| Vitufe vya nyuma | Hakuna | Hakuna | Hakuna | Viwili |

Mstari wa pili wa jedwali hilo ndio unaoniuma zaidi, basi tuanzie hapo.

Kijiti kinachotembea chenyewe

Ndani ya kijiti cha kawaida kuna potenshiomita: ulimi mdogo wa chuma unaosugua njia ya kaboni kila unaposogeza kidole. Mahali ulimi ulipo ndipo konsoli inapojua umeelekea wapi. Kusugua huko kunaila njia taratibu, vumbi linajikusanya, chemchemi ya kurudisha kijiti katikati inalegea, na siku moja mhusika wako anaanza kutembea kushoto wakati hujagusa kitu. Hiyo ndiyo drifti, na hakuna padi ya kawaida ya kampuni kubwa za leo iliyosalimika nayo.

Mwaka 2021 mafundi wa iFixit waliifungua DualSense wakakuta moduli ya kampuni ya Alps, ya jamii ileile inayotumika kwenye padi nyingine nyingi. Mtengenezaji wake huikadiria kudumu mizunguko milioni 2. Kwa hesabu ya iFixit, mtu anayecheza gemu ya mapigano ya bunduki kwa kasi anaweza kuumaliza uhai huo kwa takribani saa 417. Haimaanishi kijiti hufa saa ya 418, maana vingi hudumu zaidi ya hapo, lakini anayecheza saa mbili kila siku anaifikia hesabu hiyo katika mwezi wa saba. Kwa kifaa cha bei hii, hilo halikubaliki.

Nintendo ndiyo iliyolipia sifa mbaya zaidi. Joy-Con za Switch ya kwanza, iliyotoka Machi 2017, zilizua malalamiko mengi hadi kesi za pamoja zikafunguliwa Marekani mwaka 2019, na Juni 2020 rais wa kampuni hiyo, Shuntaro Furukawa, akaomba radhi hadharani. Kwa hiyo Switch 2 ilipokaribia, swali la kwanza la wachezaji lilikuwa moja: mmeweka sensa za sumaku? Jibu lilikuwa hapana. Vijiti vya Joy-Con 2 vilisanifiwa upya, ni vikubwa zaidi na vinazunguka kwa ulaini mzuri, lakini zilipofunguliwa baada ya konsoli kutoka Juni 2025, ndani mlikuwa na potenshiomita vilevile. Wachezaji waliokasirika walikuwa na haki.

Sensa za sumaku zenyewe hazina uchawi. Edwin Hall aligundua mwaka 1879 jinsi sumaku inavyoathiri umeme unaopita kwenye kipande cha chuma, na kijiti cha aina hiyo hutumia kanuni hiyo: sumaku iko kwenye kijiti, sensa iko pembeni, na havigusani kamwe. Kisichosuguana hakiliki. Sega iliitumia kwenye padi ya Dreamcast tangu 1998, kwa hiyo si teknolojia ya kesho. Leo kampuni za padi za 8BitDo na GuliKit zimejijengea jina kwa vijiti vya Hall, na sasa kuna vya TMR, ambavyo pia ni vya sumaku lakini hula umeme kidogo na husoma mwendo kwa usahihi zaidi. Kumbuka tu kwamba chemchemi bado ni chemchemi, nayo inaweza kuchoka hata kama sensa ni nzima.

Kwa nini basi nisikuambie ununue padi ya nje, yaani ya kampuni isiyotengeneza konsoli yako, mara moja? Kwa sababu milango imefungwa nusu. Gemu za PS5 hazikubali padi isiyo na leseni ya Sony. Microsoft nayo ilianza kuzuia vifaa visivyoidhinishwa kwenye Xbox mnamo Novemba 2023, na watu waliokuwa wakitumia vifaa vyao bila shida walikuta ujumbe wa kosa kwenye skrini. Upande wa Nintendo ndio ulio na uhuru zaidi, ingawa padi nyingi za nje zilihitaji sasisho la programu kabla ya kuelewana na Switch 2. Kwenye kompyuta huna cha kuhofia, karibu kila kitu kinakubali.

Njia ya katikati ni DualSense Edge, padi ya kifahari ya Sony iliyotoka Januari 2023. Moduli ya kijiti inachomoka yote kwa mkono, unaweka mpya, unaendelea. Ndani ni potenshiomita ileile, kwa hiyo tatizo halijaondoka, ila halikulazimishi tena kutupa padi nzima. Elite Series 2, padi ya kifahari ya Xbox, inabadilisha vichwa vya vijiti tu, urefu na umbo. Sensa ikichoka uko palepale na mwenye padi ya kawaida. Kama drifti ndiyo inayokukera kuliko yote na unacheza PlayStation, Edge ina maana. Kama ni Xbox, tafuta padi ya kampuni nyingine yenye leseni na vijiti vya Hall; zipo, na nyingine ni nafuu kuliko Elite.

Triga na mtetemo: hapa DualSense haina mpinzani

Ndani ya kila triga ya DualSense kuna mota ndogo inayozungusha gia na kusukuma mkono mdogo dhidi ya triga. Gemu ndiyo inayoamua lini ikaze, kwa nguvu gani, na ikazie wapi katika safari ya kidole. Mtetemo nao haukutokana na vizito vinavyozunguka kama zamani. Viendeshi vyake hufanya kazi kama koili ya spika, kwa hiyo vinaweza kutoa mguso mwembamba sana upande mmoja tu wa kiganja.

Kwenye karatasi hayo yanasikika kama mapambo. Astro's Playroom, gemu inayokuja ndani ya kila PS5, huwabadilisha watu mawazo kwa dakika chache: unahisi mchanga, unahisi barafu, unahisi mvua. Kwenye Gran Turismo 7 breki inatetemeka chini ya kidole magurudumu yanapokaribia kujifunga, na taarifa hiyo inamsaidia dereva kweli. Returnal imekwenda mbali zaidi. Ukibonyeza L2, triga ya kushoto, nusu unalenga, ukiisukuma kupita ukinzani unafungua shambulio la pili la silaha. Triga moja imekuwa vitufe viwili, na kidole chako kinajua mpaka uko wapi bila kuangalia popote. Huo ndio ubunifu ninaoutaka: unaongeza uwezo wa mchezaji, hauishii kwenye kumshangaza.

Wanaocheza kwa ushindani hawakubali, na hoja yao ina uzito. Kwenye gemu ya risasi ya watu wengi mtandaoni, kila kinachochelewesha kidole ni hasara. Wengi wao huzima ukinzani siku ya kwanza, na mipangilio ya PS5 inawaruhusu kupunguza au kuzima kabisa. Wengine wanalalamikia vidole kuchoka. Kuna pia suala la watengeneza gemu: gemu za Sony yenyewe huutumia mfumo huu vizuri, gemu za makampuni mengine mara nyingi huuweka kwa kupapasa tu. Na ukiichomeka DualSense kwenye kompyuta, gemu nyingi zinazouunga mkono hutaka waya. Bila waya unabaki na padi ya kawaida.

Xbox imebaki na triga zilizotoka na Xbox One mwaka 2013, kila moja ikiwa na mota yake ya mtetemo. Hazikazi, lakini ni laini, zina safari nzuri, na kwa gemu za magari bado ni tamu. Switch 2 ndiyo iliyoanguka hapa. Triga zake hazijui nusu. Ama umebonyeza ama hujabonyeza. Mpenda mbio za magari atakosa kukanyaga mafuta kidogokidogo, na hilo linasikitisha kwenye konsoli ya mwaka 2025.

Ila Nintendo na Sony zina kitu ambacho Microsoft imeinyima padi yake, nacho kinastahili kelele zaidi ya zinazopigwa: sensa ya mwinamo. Unalenga kwa kijiti kwa mwendo mkubwa, kisha unainamisha padi kidogo kusahihisha milimita ya mwisho. Aliyezoea kulenga hivyo kwenye Splatoon, gemu ya Nintendo ya kurushiana rangi, huona kulenga kwa kijiti peke yake ni kujifunga mkono mmoja. Kama wewe ni wa aina hiyo, padi ya kawaida ya Xbox itakuudhi, na hakuna mpangilio utakaokuokoa.

Betri: mjadala usiokwisha

Microsoft bado inaweka betri za AA, na kila kizazi kipya watu huuliza kwa nini. Mimi nimesimama upande wa AA. Kampuni inazikadiria hadi saa 40, zikiisha unaweka nyingine na mechi inaendelea, na ukitumia za kuchajiwa tena hazina tofauti na betri ya ndani ila moja: baada ya miaka mitano unabadilisha betri, padi inabaki. Kuna pia betri ya kuchaji ya Xbox inayouzwa pembeni kwa asiyetaka kuhangaika.

DualSense ina betri ya ndani ya mAh 1560, kubwa kuliko mAh 1000 ya DualShock 4 iliyoitangulia, lakini mtetemo, triga, spika na taa zote zinanyonya humohumo. Gemu inayotumia kila kitu huimaliza mapema kuliko ungependa, na malalamiko haya yapo tangu siku ya kwanza. Edge, pamoja na ughali wake, ina betri ndogo zaidi ya hiyo, mAh 1050, uamuzi ambao sijaona mchezaji anayeutetea. Betri ya ndani ikichoka, kuibadilisha kunataka bisibisi na subira. Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka, kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, na natumaini itawasukuma wasanifu.

Nintendo imeshinda kimyakimya hapa. Joy-Con 2 zinakadiriwa saa 20, Pro Controller yake saa 40, na Joy-Con zinajichaji zikiwa zimebandikwa kwenye konsoli.

Umbo na mikono

Padi ni kama kiatu: sifa zake zote hazisaidii kama haikukai. Microsoft ilijifunza mapema. Padi ya Xbox ya kwanza ya 2001, iliyopewa jina la utani Duke, ilikuwa kubwa mno kwa wengi, na ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani, Controller S, ndiyo iliyochukua nafasi yake. Padi ya 2020 iliendeleza somo hilo kwa kupunguza ukubwa kidogo na kuzungusha kingo, ili hata mkono wa mtoto wa miaka 8 uifikie vizuri, bila kuwaudhi wenye viganja vikubwa. Kwangu ndiyo padi inayokaa vizuri kuliko zote zilizotajwa hapa.

Kuhusu vijiti sambamba au vilivyopishana, usimsikilize anayekuambia kimoja ni bora. Aliyekulia kwenye DualShock tangu 1997 atajisikia nyumbani na DualSense. Aliyetoka Xbox 360 atataka kijiti cha kushoto kiwe juu. Muhimu zaidi ni vitufe vya mwelekeo: kwa gemu za ngumi, vya Xbox ni sahani moja yenye mlio wa kubofya, vya DualSense vimetengana, na Joy-Con 2 ya kushoto ina vitufe vinne huru, vibaya kwa kuzungusha kidole gumba haraka.

Joy-Con 2 zina ubunifu wao. Reli ya zamani imeondolewa. Sasa zinajibandika kwa sumaku na kutoka kwa kubonyeza kitufe kimoja, na zimekaza vizuri. Ukizilaza kwa ubavu zinakuwa kipanya. Kwa gemu za mikakati na za kulenga, kinafanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia kwa kitu chembamba hivyo, hata juu ya paja. Tatizo ni ubavu wenyewe: kiganja hakina pa kupumzikia, na baada ya muda mrefu mkono unachoka. Kichukulie kama kifaa cha kazi maalumu.

Vitufe vya nyuma ni jambo dogo linalobadilisha mengi: unaruka au kubadilisha silaha bila kuondoa kidole gumba kwenye kijiti. Elite ina vinne, Edge viwili, Pro Controller ya Switch 2 viwili, na hii ya mwisho ndiyo inayovitoa bila kukudai bei ya padi ya kifahari.

Kwa mchezaji mwenye ulemavu wa mikono, picha ni tofauti kabisa. Xbox Adaptive Controller ya 2018 ni kitovu cha kuchomeka swichi, kanyagio na vijiti vya nje vya kila aina. Vitufe vyake viwili vikubwa vinaweza kubonyezwa kwa kiwiko au mguu. Access ya PlayStation, ya Desemba 2023, ni duara lenye vitufe vinavyobadilishwa umbo, na inakaa vizuri mezani au kwenye kiti cha magurudumu. Anayehitaji kuunganisha vifaa vingi vya nje aangalie ya Xbox. Anayeweza kutumia kiganja kwa kiasi ataipenda Access. Konsoli zote mbili zinaruhusu watu wawili kuendesha mhusika mmoja kwa padi mbili, kipengele ambacho kila familia yenye mchezaji wa namna hiyo inapaswa kukijua.

Mashine: nini kimeboreka kweli

Hatua kubwa ya kizazi hiki ni SSD, hifadhi ya kasi isiyo na diski ya kuzunguka, kuliko hata picha. PS4 na Xbox One zilitoka mwaka 2013 na diski za kuzunguka, na tulizoea kusubiri. PS5 husoma GB 5.5 kwa sekunde, Series X GB 2.4, na kwa mchezaji zote mbili maana yake ni kwamba ukifa unarudi uwanjani kabla hasira haijapoa. Xbox inaongeza Quick Resume, inayokurudisha kwenye gemu tatu nne tofauti pale ulipoziachia. Ni kipengele bora kabisa, na PS5 haina kinacholingana nacho.

Hatua ya pili ni fremu 60 kwa sekunde. Kwenye fremu 30 picha mpya huja kila milisekunde 33. Kwenye 60 huja kila milisekunde 16.7, na padi yoyote utakayoshika inahisi nyepesi zaidi. Wachezaji wamepiga kura yao: Mark Cerny, msanifu mkuu wa PS5, alipoitambulisha PS5 Pro Septemba 2024 alisema karibu robo tatu ya nyakati wachezaji huchagua hali ya kasi badala ya picha nzuri. Pro imejengwa juu ya takwimu hiyo. Ina vitengo vya kuchora zaidi kwa asilimia 67, kumbukumbu yenye kasi zaidi kwa asilimia 28, hifadhi ya TB 2, na PSSR, mfumo wa akili bandia unaokuza picha ndogo ionekane kubwa. Lengo ni kukupa picha ya hali nzuri kwa fremu za hali ya kasi.

Je, inafaa? Kama una televisheni kubwa ya 4K na unakaa karibu nayo, utaona tofauti kwenye majani, nywele na vitu vya mbali. Kama skrini yako ni ya 1080p au unacheza zaidi mpira na ngumi, hapana. Fedha hiyo iende kwenye televisheni yenye Hz 120, yaani inayoonyesha picha 120 kwa sekunde, na mlango wa HDMI 2.1. Halafu Pro inauzwa bila kisoma diski. Unakinunua pembeni, sawa na kwenye PS5 nyembamba ya 2023 isiyo nacho, na mara ya kwanza kukiunganisha kunataka intaneti.

Kati ya Series X na ndugu yake mdogo Series S, zingatia kumbukumbu kuliko kitu kingine. X ina GB 16, S ina GB 10, na watengenezaji wa gemu wanaumia hapo. Baldur's Gate 3 ilichelewa kufika Xbox hadi Desemba 2023 kwa sababu ya kugawanya skrini kwenye S, na ilipofika, S haikuwa na kipengele hicho. S ni mashine nzuri kwa anayecheza gemu nyepesi na za mtandaoni kwenye televisheni ndogo. Haina diski kabisa, na hifadhi ya GB 512 ya toleo la kwanza inajaa haraka mno.

Switch 2 inacheza mchezo mwingine. Skrini ya inchi 7.9, 1080p, Hz 120, na ikikaa kwenye kituo chake cha kuunganishia televisheni inatoa hadi 4K kwa msaada wa DLSS, mfumo wa Nvidia wa kukuza picha. Ni ongezeko kubwa kutoka 720p ya ile ya kwanza. Waliotoka kwenye Switch OLED, toleo la Switch ya kwanza lenye skrini bora ya OLED, wanalalamika weusi wa skrini mpya umefifia, na ni kweli. Hii ni LCD. Betri nayo hudumu saa 2 hadi 6.5, na gemu nzito huivuta kwenye ile 2. Steam Deck OLED, konsoli ya mkononi ya Valve na mpinzani wake wa karibu, ina skrini nzuri zaidi kwa macho, vibao viwili vya kugusa na vitufe vinne vya nyuma, lakini ina gramu 640 dhidi ya 534 za Switch 2 na Joy-Con zake. Gramu hizo mia zinahisiwa kitandani.

Hifadhi ya ziada imejaa mitego. PS5 inapokea SSD yoyote ya M.2 yenye kasi inayotakiwa na kipoozeo chake, ndiyo njia huru kuliko zote. Xbox inataka kadi maalumu, rahisi kuchomeka lakini chaguo ni chache. Switch 2 inataka microSD Express pekee kwa gemu. Kadi zako za zamani hazitafaa, hata kama zimeandikwa namba kubwa.

Nani achukue nini

Anayecheza peke yake, hadithi ndefu, na anataka kuhisi gemu mikononi: PS5 ya kawaida na DualSense. Usianze na Pro wala Edge. Cheza mwaka mmoja, kisha uamue kama vijiti au picha ndivyo vinavyokusumbua.

Anayecheza saa nyingi mfululizo, ana maktaba ya gemu za zamani za Xbox, au hataki habari ya kuchaji: Series X. Padi yake haina maajabu, na kwa mtu huyu hilo ni jambo jema. Kama kulenga kwa kuinamisha padi ni sehemu ya uchezaji wako, ruka aya hii.

Familia, au mtu anayecheza safarini na nyumbani: Switch 2, na Pro Controller juu yake kama bajeti inaruhusu. Joy-Con 2 ziache kwa mkononi na kwa wageni. Mpenzi wa mbio za magari asiifanye kuwa konsoli yake pekee.

Mshindani wa gemu za risasi: mashine ni ya pili kwako. Tafuta kwanza padi yenye vijiti vya sumaku, vitufe vya nyuma na triga zinazofungwa kwa safari fupi, hakikisha ina leseni ya konsoli uliyonayo, na uitumie kwa waya.

Na ukinunua padi iliyotumika, ya kampuni yoyote, usiilipie kabla ya jaribio hili. Fungua gemu yenye mipangilio ya eneo bubu la kijiti, yaani mwendo mdogo ambao gemu huupuuza, shusha eneo hilo hadi sifuri, kisha weka padi mezani bila kuigusa. Kamera ikisogea, kijiti kimeshaanza kuchoka. Zungusha kila kijiti kwenye ukingo wake taratibu, kiachie ghafla kutoka pande zote nne, uone kama kinarudi katikati kila mara. Bonyeza L3 na R3, yaani vijiti vyenyewe kuelekea ndani, ukiwa umesukuma kijiti mbele, maana hapo ndipo wanaokimbia sana kwenye gemu huviharibu. Kwa DualSense, ingia Astro's Playroom na uhakikishe triga zote mbili zinakaza sawa. Kwa Xbox, fungua mfuniko wa betri uangalie chemchemi za chuma kama zina kutu. Kwa Joy-Con 2, jaribu kipanya pia, na uone kama kila moja inabandika kwa sumaku bila kucheza.